Kufunga kwa Jirani Yetu Mhindu

Hotuba kwa wenyeviti, makatibu na waweka hazina wa vikundi vya kujisaidia kutoka Kisumu na ufuo wa ziwa. Tumeichapa karibu kama ilivyosemwa, pamoja na maswali machache yaliyofuata.



Nimeombwa niseme juu ya kufunga. Waliopanga semina hii waliniambia, usitueleze kufunga kwetu, hiyo tunaisikia kila Kwaresima. Na Ramadhani ikifika kila mtu mjini anajua. Tueleze kufunga kwa Wahindu. Tumeishi nao zaidi ya miaka mia moja, tunauziana na kununuliana, wengine wenu mmefanya kazi jikoni mwao. Lakini ukiuliza mtu, "Yule mama mwenye duka, mbona leo hali?" utajibiwa, "Aa, ni mila yao." Na mazungumzo yanaishia hapo.

Liko pia jambo lililotokea kwa kikundi kimoja cha kina mama huku ufuoni. Walijenga stoo, na mfanyibiashara mmoja wa Kisumu akawasaidia kwa mabati. Siku ya kuifungua wakamwalika. Wakachanga pesa, wakanunua ngege wakubwa, wakachinja kuku, ugali ukasongwa. Mgeni akafika na mkewe, wakashukuru sana, wakakaa na wenyeji, wakala ndizi mbili mbili na kunywa maji. Basi. Walipoondoka maneno yakaanza. Ati wanatudharau. Ati wameona sufuria zetu ni chafu. Wengine wakasema ati mabati yenyewe yana masharti ya uchawi. Wako wasiotaka aitwe tena. Kumbe siku ile ilikuwa siku ya kumi na moja ya mwezi, na mtu huyo, hata siku ya kawaida, hali nyama wala samaki. Kwa adabu hakutaka kuwaambia wenyeji kwamba wamepika bure.

Sasa, kwanza tutenganishe watu. Neno Mhindi hapa kwetu tunalitumia kama gunia, kila kitu tunatia ndani. Mhindi ni mtu wa asili ya India. Mhindu ni mtu wa dini ya Kihindu. Si kila Mhindi ni Mhindu. Wako Wahindi Waislamu, na hao mfungo wao ni Ramadhani. Wako Wahindi Wakristo, wengi wao wa asili ya Goa, na Kwaresima yao ni hii hii yetu. Wako Kalasinga wenye vilemba. Dini yao haiwaagizi kufunga, bali hekaluni mwao kuna jiko ambalo yeyote anayeingia hulishwa bure, awe nani. Wako Wajaini, na mfungo wao ni mkali hata kuwapita Wahindu, maana wengine hukaa siku nane kwa maji yaliyochemshwa peke yake. Huko sitaingia leo. Watu wa pwani waliwaita Wahindu Mabaniani, na ile methali ya Baniani mbaya kiatu chake dawa mnaijua. Nadhani aliyeitunga alilijua duka la Baniani vizuri lakini hakuwahi kufika jikoni kwake.

Walifikaje hapa? Reli kutoka Mombasa iligusa ziwa mwaka wa 1901, mahali palipoitwa Port Florence wakati huo, ndipo Kisumu hii. Waingereza walileta vibarua karibu 32,000 kutoka India ili waijenge. Kama 2,500 walikufa, na wengi wa waliobaki walirudi kwao kandarasi zilipokwisha. Wenye maduka ya Kisumu, Kendu Bay na Homa Bay wengi wao walikuwa watu wengine, wafanyibiashara wa Gujarat, magharibi mwa India, waliokuja kwa nauli yao wenyewe. Wengine walilima miwa upande wa Kibos na Miwani. Na mwaka wa 2017 serikali ilitangaza Wakenya wenye asili ya Asia kuwa kabila la 44 la nchi hii. Jirani wa kabila lolote unatakiwa ujue anapofiwa, anaposherehekea na anapofunga.

Mimi nilikuwa karani katika duka moja la jumla hapa mjini kwa miaka kumi na minne. Mama mzazi wa mwenye duka tulimwita Ba, ndivyo Wagujarati wanavyomwita mama au nyanya. Mengi nitakayosema nilianza kuyasikia kwake, nikiwa nimekaa juu ya gunia la sukari nikingoja lori. Mengine nimesoma na kuuliza baadaye.

Neno lao la kufunga ni upavasa. Ni la Kisanskriti, lugha yao ya zamani ya ibada. Upa ni karibu. Vasa ni kukaa. Ukilifungua neno hilo huoni njaa ndani yake, wala chakula, wala tumbo. Unaona kukaa karibu. Karibu na nani? Na Mungu. Ba alinieleza hivi: mgeni mkubwa akija kwako, yule unayempenda sana, wewe unaacha sufuria jikoni unaenda kukaa naye. Mpaka jioni unashangaa, kumbe sijala leo. Huko kusahau kula ndiko upavasa wenyewe. Kujinyima ni njia tu ya kufikia hapo, kwa sababu sisi wengi hatuwezi kusahau tumbo bila kulifundisha. Nyinyi mnaomkumbuka Mariamu na Martha mnaweza kuona anachosema.

Kwa hivyo tusidhani kwamba Mhindu anafunga kwa sababu anaona chakula ni kitu kibaya. La. Maandiko yao ya kale yanakataza kabisa kudharau chakula. Katika nyumba nyingi, chakula kikiiva sehemu ndogo inatengwa kwanza mbele ya Mungu, mahali pao pa sala, ndipo watu wale. Ni kitu kitakatifu wanachokiweka kando kwa siku moja. Kukiweka kando si kukitupa.

Sababu ya pili ni kutawala mwili. Wanafundisha kwamba macho, masikio, pua, ulimi na ngozi ni kama wanyama wanaovuta gari, na akili ndiyo iliyoshika kamba. Wao wanasema farasi. Sisi tuseme ng'ombe wa plau. Ng'ombe akizoea kwamba kila akisimama anapewa majani, atasimama kila hatua na shamba halitalimwa. Siku ya kufunga ni siku ya kumwambia ng'ombe, leo tunalima kwanza. Na katika hao wote mgumu zaidi ni ulimi, kwa maana ulimi una kazi mbili: unaonja na unasema. Anayeuzuia usionje na kuuachia usengenye, Wahindu wanasema huyo amekaa na njaa tu. Ndiyo sababu siku hiyo hukatazwa pia uongo, hasira na ugomvi, na mume na mke hulala mbalimbali. Wengine hunyamaza kabisa. Mahatma Gandhi alikuwa na siku yake ya kunyamaza kila Jumatatu.

Siku yenyewe ni ipi? Kalenda yao ya dini inafuata mwezi wa angani. Nyinyi wa omena hamhitaji kufundishwa mwezi wa angani. Mnajua usiku wa giza taa zinaingia majini, na mwezi ukipevuka nyavu zinapumzika. Wahindu hugawa mwezi mara mbili: nusu ya mwanga, tangu mwezi unapoandama mpaka unapopevuka, na nusu ya giza, tangu unapopevuka mpaka unapopotea. Siku ya kumi na moja ya kila nusu inaitwa Ekadashi, na maana yake ni hiyo hiyo, kumi na moja. Ni mara mbili kwa mwezi, kama mara 24 kwa mwaka. Ni siku ya Vishnu, jina ambalo kwalo Wahindu wengi humwita Mungu mwenye kuulinda ulimwengu.

Ziko siku nyingine. Uko usiku mkuu wa Shiva, mwezi wa Februari au Machi, ambapo watu hufunga na kukesha. Iko siku ya kuzaliwa Krishna, Agosti au Septemba, ambapo hufungua saa sita ya usiku, kwa kuwa inasemekana alizaliwa saa hiyo. Kuna zile siku tisa za Navaratri, Septemba au Oktoba, na Wagujarati usiku hucheza kwa kuzunguka duara. Labda mmewahi kusikia ngoma. Wengine hufunga kila Jumatatu. Wanawake wa asili ya kaskazini mwa India wana siku yao ya kufungia waume zao, bila chakula wala maji, mpaka mwezi uonekane. Vijana wao siku hizi wanauliza mbona mume hafungi kwa ajili ya mke, na wako waume ambao wameanza kufunga pamoja nao. Nafikiri swali hilo lilistahili kuulizwa.

Hakuna sheria moja kwa wote. Mmoja hali wala hanywi. Mwingine anakunywa maji tu. Mwingine anakula matunda na maziwa. Mwingine mlo mmoja kwa siku. Lakini siku ya Ekadashi wengi wanakubaliana juu ya jambo moja: nafaka ni mwiko, na maharagwe pia. Mahindi, mchele, ngano, mtama, dengu, kunde, vyote vinakaa kando. Kwa hivyo hata ugali mtupu bila kitoweo hataugusa. Kinachoruhusiwa ni viazi, viazi vitamu, muhogo, njugu, maziwa na matunda. Mbegu za mchicha, yaani ododo, husagwa zikapikwa chapati, kwa kuwa hawazihesabu pamoja na nafaka. Na vile vipunje vyeupe mfano wa shanga vinavyoitwa sabudana, wateja wetu wengi walidhani ni kitu cha ajabu kutoka ng'ambo. Hutengenezwa kwa wanga wa muhogo.

Ba alikuwa akiwacheka wakwe zake kwa jambo hili. Alisema kuna watu ambao siku ya kumi na moja wanakula viazi vya kukaanga, njugu za kukaanga na maziwa yenye sukari kushinda wanavyokula siku ya kumi. Ati hao tumbo lao halijui kama kuna mfungo.

Mpango wa siku ni rahisi. Jioni ya kuamkia siku hiyo mtu anakula kidogo. Asubuhi anaoga, anawasha taa, anachukua maji kidogo kiganjani na kutamka nadhiri yake, kwamba leo nafunga kwa ajili ya jambo fulani: kushukuru, kutubu, au kuomba. Kisha kazi inaendelea kama kawaida, duka linafunguliwa. Jioni nyimbo na kusoma maandiko, wengine hukesha. Na kesho yake, siku ya kumi na mbili, anafungua baada ya jua kuchomoza. Hapo sikilizeni vizuri. Kufungua si hiari yake. Saa ya kufungua imewekwa, imechapwa kwenye kalenda, na mtu akiipitisha kwa makusudi ili aonekane amefunga zaidi, kwao hilo ni kosa. Tena kabla hajatia kitu mdomoni anatakiwa amlishe mwingine: padri wao, maskini, hata ng'ombe. Nitarudi kwenye saa hiyo.

Wana hadithi ya mtu mmoja, Bhima, ndugu wa pili katika ndugu watano mashujaa. Bhima alikuwa mlaji. Mama yake na ndugu zake wote walifunga kila Ekadashi, yeye akashindwa. Akaenda kwa mzee mwenye hekima, Vyasa, akamwambia: baba, kutoa sadaka naweza, kusali naweza, lakini tumboni mwangu kuna moto, nisipokula naungua. Mzee hakumfukuza. Akamwambia, basi funga siku moja tu katika mwaka, ile ya miezi ya Mei na Juni wakati wa joto kali, lakini siku hiyo usile na usinywe hata tone. Mungu ataihesabu kama zote 24. Bhima akafunga, na mpaka leo siku hiyo ina jina lake. Naipenda hadithi hii kwa sababu haimchukii mlaji.

Lakini iliyo kubwa ni hadithi ya mwindaji, inayosimuliwa usiku wa Shiva. Alikuwa mtu maskini wa msituni, ana mke na watoto, na nyumbani hamna kitu. Alizunguka kutwa bila kupata mnyama. Jua likatua. Akapanda mti uitwao bilva, kando ya maji, na kibuyu chake cha maji, akangoja. Chini ya mti palikuwa na jiwe la ibada la Shiva, yeye hakulijua. Usiku wa kwanza akaja paa jike kunywa. Mwindaji akavuta upinde, na majani yakaanguka pamoja na matone ya maji juu ya lile jiwe. Paa akasema: niachie niwapeleke watoto wangu kwa jamaa zangu, kisha nitarudi uniue. Mwindaji akacheka, nani amewahi kuona nyama inarudi? Lakini paa akaapa, naye akamwachia. Akaja wa pili, dadake, akaomba vile vile. Akaja dume akiwatafuta, naye vile vile. Kila mara upinde unavutwa, majani na maji yanaanguka juu ya jiwe, na kila mara mwindaji anabaki na njaa na macho makavu. Alfajiri akawaona wanakuja wote pamoja, jike, dada, dume na watoto nyuma yao, kwa sababu waliahidi. Mwindaji akaushusha upinde. Hakuweza tena. Na hapo Mungu akamtokea na kumbariki, kwa kuwa alifunga usiku kucha, akakesha, akamwagia jiwe maji na majani, ingawa hakujua lolote kati ya hayo.

Kwa nini nimeisimulia yote? Kwa sababu mwindaji huyo ni mtu wa kwetu. Hakuchagua njaa. Aliamka nayo. Na kwa muda mrefu wa usiku ule njaa yake ilikuwa njaa tu. Mimi naona iligeuka kuwa kitu kingine pale alipomwachia paa wa kwanza, alipokuwa na chakula mbele ya mshale na akakiacha kwa ajili ya watoto wa mwenzake.

Walio na umri wangu wanakumbuka mwaka wa 1984, mvua ilipokosa tukapanga foleni kununua kwa gorogoro mahindi ya njano kutoka Marekani. Hiyo haikuwa saumu. Siku moja nilimwambia Ba kwa utani kwamba sisi maskini wa Nyalenda tunafunga Ekadashi kila siku. Hakucheka. Alisema, hapana, usiseme hivyo. Mtoto akilala njaa, hiyo si Ekadashi, hiyo ni dhambi yetu sisi tulio na chakula. Msiipe jina zuri.

Maneno hayo nimeyakumbuka sana tangu mwaka wa 2023. Mnajua ya Shakahola, kule Kilifi. Watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu, na serikali ikafukua miili zaidi ya 400, mingi ya watoto. Watu wale hawakuwa wajinga kuliko sisi. Walikuwa watu wa kusali, na neno walilosikia lilikuwa neno jema, kufunga. Ndiyo sababu nimesema nitarudi kwenye saa ya kufungua. Mfungo wa nyumbani wa Kihindu una mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea, na mlango wa kutokea umeandikwa kwenye kalenda kabla mtu hajaanza. Tena maandiko yao yanasema wazi kwamba kuutesa mwili kwa majivuno si ibada, na kwamba njia ya Mungu si ya mlafi wala ya mwenye kujinyima kupita kiasi. Watoto hawafungishwi. Mgonjwa, mzee dhaifu na mjamzito wamesamehewa. Kwa hivyo akija mtu kwenye kikundi chenu, wa dini yoyote, awaambie mfunge, muulizeni maswali mawili: tunafungua lini, na nani hafungi. Akikosa jibu, ondokeni na watoto wenu, na mkamwambie chifu.

Ba mwenyewe alipopatikana na ugonjwa wa sukari daktari alimkataza kufunga. Alilia. Halafu akapanga namna yake: siku ya kumi na moja alikula kwa saa kama alivyoagizwa, na dawa yake akameza, lakini siku hiyo hakumfokea mtu, na mfuko wa unga ulitoka nyumbani kwake kwenda kwa mtu mwingine. Sisi makarani tuliijua Ekadashi kwa kuona hatujafokewa. Nawaambia hili kwa ajili ya walio kwenye dawa za sukari, za kifua kikuu au za ukimwi. Dawa isiachwe. Uliza kliniki kwanza.

Sasa kidogo juu ya Gandhi, maana kila tukitaja Wahindu na kufunga mtu atamtaja. Alilelewa Gujarat na mama aliyefunga sana. Gandhi mwenyewe aliandika kwamba mama yake aliwahi kuweka nadhiri ya kutokula wakati wa mvua mpaka aone jua, na watoto walikuwa wakisimama nje kutazama mawingu. Jua likitokea wanakimbia kumwita, akifika nje limejificha. Naye hurudi kazini kwa furaha, akisema Mungu hakutaka ale leo. Mtoto aliyekimbia vile alikua, akaupeleka mfungo mahali ambapo mama yake hakuufikisha, kwenye mambo ya watu wote. Januari 1948, akiwa na miaka 78, alifunga mjini Delhi ili Wahindu, Waislamu na Kalasinga waache kuuana. Alianza tarehe 13 na kufungua tarehe 18, viongozi wa pande zote walipomwahidi amani. Tarehe 30 ya mwezi huo huo akapigwa risasi na Mhindu mwenzake. Sehemu ya majivu yake ililetwa mpaka kwenye ziwa letu hili, ikamwagwa Jinja pale Naili inapoanzia, na sanamu yake iko pale.

Lakini nisiwafiche. Mwaka wa 1932 alifunga gerezani kupinga mpango wa Waingereza wa kuwapa watu wa tabaka la chini kabisa uchaguzi wao wa pekee. Kiongozi wa watu hao, Ambedkar, alilazimika kukubali mapatano, maana Gandhi akifa lawama ingewaangukia wao, na baadaye alilalamika kwamba huko kulikuwa kushurutishwa. Mimi naona Ambedkar alikuwa na hoja. Ukifunga ili moyo wako ulainike, huo ni upavasa. Ukifunga ili mkono wa mwingine ukunjwe, hata kwa jambo zuri, hapo unacheza na moto. Kina mama mnajua, mtoto anayekataa ugali ili anunuliwe viatu hajafunga.

Nimemaliza sehemu yangu, sasa maswali.

Mama mmoja aliuliza: "Nikimwalika Mhindu kwenye kikundi, nimpikie nini?"

Muulize kabla, hatakasirika. Wengi hawali nyama, samaki wala mayai siku yoyote, na wengine hawali vitunguu. Uliza pia kama siku mliyopanga ni Ekadashi. Kama ni hiyo, pika viazi vitamu na njugu, weka maziwa na ndizi, na utumie sufuria ambayo haijapikiwa samaki. Na akiomba maji tu, mpe maji, uendelee na mkutano.

Mzee wa kikundi cha wavuvi aliuliza: "Hiyo kufunga, wanafanya ili mungu wao awape pesa?"

Wako wanaofunga ili wapate: mtoto, kazi, mtihani. Hata makanisani wako. Walimu wao wanasema kuomba si kosa, lakini ni darasa la kwanza. Darasa la juu ni kukaa karibu bila kuomba kitu. Nilimwuliza Ba yeye yuko darasa gani. Alisema la pili, na ana miaka sabini.

Kijana aliuliza: "Kama siku hizo wanakula muhogo na viazi vitamu, kikundi chetu kinaweza kuwauzia?"

Mnaweza, na mngekuwa mmeanza zamani. Jambo la kwanza tafuteni ile kalenda, inatundikwa ukutani katika maduka yao mengi, mwenye duka atawaonyesha siku za kumi na moja. Muhogo wa kuchemsha lazima uwe mtamu, si ule mchungu, na uwe mbichi, kwa hivyo ung'olewe jana yake jioni, si siku tatu kabla. Viazi vitamu vichaguliwe vya ukubwa mmoja. Njugu zisiwe na kuvu hata moja. Msipakie kwenye magunia yaliyobeba omena, kwa sababu mtu anayefunga akisikia harufu ya samaki hatanunua, na mwenzake naye hatanunua. Anzeni na nyumba tatu au nne, mpeleke siku ya kumi asubuhi, muone kama wataagiza tena baada ya wiki mbili.